Nyumba ya Lubumbashi unampangia nani?

Msomaji mmoja ameandika hivi: "Mimi ni mlaboranti kutoka Bukavu. Nimepata kazi kwenye kampuni ya kandarasi upande wa Fungurume: siku 14 kambini, siku 7 nyumbani. Ninaanza tarehe 1 Agosti. Familia yangu itakaa Lubumbashi: mama yangu wa miaka 67, mwenye tansyon (shinikizo la damu) na magoti yanayomsumbua, pamoja na watoto wangu wawili, mmoja ana miaka 6, mwingine 9. Kwa nyumba ninaweza kutoa dola 350 kwa mwezi. Wenzangu wote wa kazi wananiambia nichukue Golf, kuna usalama na ni rahisi kutokea barabara ya Likasi. Mtu mwingine ameniambia Bel-Air. Mimi mji siujui. Nichague kartie (sehemu ya mji) gani? Na vyombo vyangu vya Bukavu, nivilete?"

Mama, wenzako hawakudanganyi, ila wamejibu swali lao wenyewe. Tufanye hesabu kwanza. Mzunguko wako wa kazi ni siku 21. Ndani yake barabara ya Likasi, ya kwenda Fungurume, utaipita mara mbili tu, kwenda na kurudi. Watoto wako njia ya shule wataipita mara 30, hata tukisema Jumamosi hawasomi. Mama yako ataenda sokoni, kwenye famasi na kanisani kila wiki. Na katika usiku 21, wewe utalala nyumbani usiku 7. Kwa hiyo nyumba hii unampangia mama yako na wanao. Wewe ni mgeni wao wa kila baada ya wiki mbili, mgeni anayelipa kodi.

Ukishakubali hilo, nusu ya ushauri uliopewa unaanguka wenyewe. Kuwa karibu na barabara ya Likasi ni jambo kubwa kwa anayetoka kila alfajiri kwenda kiwandani na kurudi jioni. Kwako wewe ni saa moja ya ambuteyaji (msongamano wa magari) mara mbili kwa wiki tatu. Uliza tu bisi ya kampuni inachukulia wafanyakazi wapi na saa ngapi. Kama ni saa kumi alfajiri, tafuta mapema mwenye taksi unayemwamini, basi.

Nimekuwa kwenye kazi hii ya nyumba za kupanga miaka 19. Nilianza kama komisyoneri, yaani dalali wa nyumba, wa kutembea kwa mguu na daftari mkononi, sasa ninawasimamia wenye nyumba walio mbali. Nakwambia hili ujue kwamba uongo wa makomisyoneri ninaoutaja hapa chini nimewahi kuusema mwenyewe.

Uongo wa kwanza ni jina la kartie. Golf ilipata jina lake kwa uwanja wa gofu wa zamani kule karibu na ziwa, na sehemu yake ya mwanzo kweli ni pazuri: miti, lami, kuta ndefu, zamu (mlinzi) kwenye kila geti. Kwetu ni kama Muhumba ya kwenu Bukavu. Lakini leo kuna Golf-Plateau, Golf-Météo, Golf-Faustin, Golf-Maisha, na kila mwaka Golf inazidi kunenepa, kwa sababu nyumba ikiitwa Golf bei yake inapanda. Komisyoneri atakupandisha manseba (pikipiki ya abiria), atakupeleka mpaka lami imeisha, mpaka nguzo za umeme zimeisha, kisha atakwambia "tuko Golf, mama." Kwa dola 350, sehemu ya Golf uliyoelezewa na wenzako utapewa chumba na sebule nyuma ya nyumba ya mtu. Au utapewa nyumba nzima kwenye ile Golf ya mwisho wa lami. Hakuna ubaya kuishi kule, majirani zangu wengi wa zamani wamejenga kule. Lakini mwanamke wa miaka 67 mwenye magoti mabovu, kilomita moja na nusu ya vumbi kutoka kwa famasi ya kwanza, huku wewe uko kambini? Hapana.

Ili ulielewe jambo la maji na umeme, nikupe historia fupi. Wabelgiji waliuanza mji huu mwaka 1910 wakauita Élisabethville. Walijijengea katikati, wakaacha eneo tupu, halafu ng'ambo yake wakaweka cité za Waafrika. Kamalondo ndiyo ya zamani kuliko zote, kisha zikaja Kenya, Katuba na Ruashi. Jina la mji lilibadilishwa mwaka 1966, lakini mabomba hayakuhama. Mtandao wa Regideso, shirika la maji, ulichimbwa kwa mji mdogo, na mji umekwenda mbali sana kuliko mabomba yake. Leo tuna komini (manispaa) saba, na ile ya Annexe inazizunguka nyingine kama gurudumu. Huko ndiko viwanja vinakouzwa, ndiko nyumba mpya nzuri zinakosimama, na ndiko utasikia sana maneno "tuna foraji yetu," yaani kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine. Kwa hiyo kila unapotoka katikati kwenda nje, kodi inashuka, na maji, umeme na lami vinashuka pamoja nayo. Sisemi ni sheria isiyovunjika. Kuna mitaa ya mjini kabisa ambayo robine (bomba) zake zina kutu kwa ukavu.

Sasa nikuombe usahau jambo moja la Bukavu. Kule mnaogopa mteremko: mvua ikinyesha maji yanakimbia, yanabeba udongo, yanabeba nyumba. Hapa ni tambarare. Maji hayakimbii, yanakaa. Yanakaa barabarani, yanakaa uani, yanaingia kwenye fosi ya choo, na kutoka kwenye fosi yanatafuta kisima. Mvua zetu zinaanza kwa nguvu mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Machi, na wewe unakuja kuangalia nyumba Julai, katikati ya kiangazi, baridi na vumbi, barabara zote zinapitika, kila ua umekauka kama kaukau. Hakuna wakati mbaya zaidi wa kuijua nyumba ya Lubumbashi.

Mimi mwenyewe iliniponza. Nyumba yangu ya kwanza nilipopata mtoto niliichukua Agosti, kwenye mtaa uliokuwa chini kidogo ya barabara kuu. Chini kidogo tu, huwezi kuona kwa macho. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi mpya, nikafurahi. Januari maji yalitufikia magotini, godoro linaelea, mke wangu amembeba mtoto amesimama juu ya meza. Nilipomwendea bayeri (mwenye nyumba) akaniambia mvua ni ya Mungu. Rangi ile mpya ilikuwa imefunika mstari wa maji ya mwaka uliopita. Tangu siku hiyo nikiona rangi mbichi upande wa chini wa ukuta peke yake, ninatafuta nyumba ya jirani ambayo haikupakwa rangi. Ukuta wa jirani hausemi uongo. Angalia pia mlangoni: kama watu wameinua kizingiti kwa saruji au wamepanga mifuko ya mchanga na kuiacha pembeni, umeshajibiwa bila kuuliza.

Kisima nacho kina ujanja wake wa majira. Julai bado kina maji ya kutosha. Kinachokupasa kujua ni hali yake mwishoni mwa Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijarudi, wakati visima vifupi vinapotoa matope. Usimwulize bayeri. Mwulize mpangaji anayehama, na kama hayupo, mwulize mama anayeuza makala (mkaa) pembeni ya barabara. Yeye amekaa pale kila siku, anajua nani anachota wapi. Na pima kwa hatua zako umbali kati ya kisima na choo, cha parseli (kiwanja) hiyo na cha parseli ya nyuma. Ukikuta hatua kumi, maji yale ni ya kufulia tu, hata yakiwa meupe kama kioo. Foraji ndefu yenye pampu ni jambo lingine, lakini pampu inataka umeme, na hapo tunafika kwa SNEL, shirika la umeme.

Kuhusu umeme nina neno moja: usiulize kama upo. Kila mtu atakwambia upo. Komisyoneri atasema, "SNEL inakataka, mama, lakini kidogo tu." Uliza hivi: mara ya mwisho kabini yenu iliungua lini, na ilichukua muda gani kurudi? Kabini, yaani transfoma ya mtaa, ikiungua, mara nyingi watu wa mtaa ndio wanaochanga pesa ya kutengeneza, na kuna mitaa imekaa gizani miezi kwa sababu wenye pesa walinunua paneli za jua na kuacha kuchanga. Hilo ni jambo la ajabu nililoliona: mtaa wenye matajiri wengi wenye jenereta na betri unaweza kuwa mbaya kwa mpangaji wa kawaida kuliko mtaa wa watu wa kati ambao wote wanategemea kabini moja. Hawa wa pili usiku huohuo wanagonga mageti kuchangisha. Uliza pia mita ni ya nani. Parseli nyingi zina mita moja kwa familia nne, na fakitire (bili) ikija vita inaanza: nani ana friji, nani anapika kwa umeme. Mama yako asiachiwe vita hiyo.

Njia rahisi kuliko zote ya kujua maji ya kartie ni kwenda saa kumi na mbili asubuhi na kusimama njia panda nusu saa. Hesabu watoto wanaopita na bido (madumu) za njano. Wakiwa wawili watatu, ni sawa. Wakiwa msururu, maji ya bomba ni hadithi, na wanao watakuwa kwenye msururu huo kabla ya kwenda shule. Kisha rudi saa moja na nusu jioni. Hapo utaona taa, utasikia baa, utaona kama wanawake bado wanatembea na vikapu au mtaa umeshajifungia. Makomisyoneri hupenda kukuonyesha nyumba saa nne asubuhi, saa ambayo kila kartie ni ya amani.

Usalama umeutaja kwa neno moja tu, nami nitajibu kwa kifupi kwa sababu watu huukuza vibaya. Wezi wa usiku huja zaidi pale ambapo nyumba zimetawanyika, kuna viwanja vitupu katikati, giza, na hakuna anayesikia kelele. Ukuta mrefu wenye vioo juu katikati ya pori haukusaidii. Nyumba ya kawaida iliyobanwa na majirani pande tatu ndiyo inayonipa usingizi. Na hapa nitasema jambo ambalo washauri wengi hawatakubaliana nami: wewe usikimbie parseli ambayo bayeri anaishi humo ndani. Watu huogopa, kwa sababu bayeri wa uani anahesabu wageni wako na kuchungulia sufuria. Ni kweli. Lakini wewe unaacha mwanamke mzee na watoto wawili siku 14. Ukipata bayeri mzee, mjane labda, anayekaa nyumba ya mbele na kukupangisha ya nyuma, umepata jirani wa mama yako, zamu wa bure, na mtu wa kukupigia simu tansyon ikipanda. Kero za bayeri wa uani ni ndogo kuliko za bayeri aliye Kinshasa ambaye bomba likipasuka anajibu baada ya wiki.

Umbali wa hospitali: Sendwe ndiyo hospitali kubwa ya mkoa, na kuna kliniki nyingi katikati. Mimi ningetaka mama yako aweze kufika mahali penye daktari wa usiku kwa taksi moja, bila kubadilisha. Jaribu safari hiyo mwenyewe, saa tatu usiku, uone kama taksi inapatikana. Mvua ikinyesha madereva wengi hawaingii kwenye mitaa ya udongo, watakuacha barabara kubwa. Kwa mtu wa magoti, hizo mita mia tano za mwisho ndizo umbali wa kweli.

Wewe ni mtu wa maabara, kwa hiyo jambo linalofuata utalielewa kuliko mimi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wa Katanga. Waliokuwa wakiishi chini ya kilomita 3 kutoka kwenye mgodi au kiwanda cha kuyeyusha walikutwa na kobalti nyingi kuliko waliokaa mbali, na watoto walikuwa katika hali mbaya zaidi. Hapa mjini viwanda na watu vimekaa pamoja. Ruashi mgodi uko mlangoni mwa nyumba. Terril ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ule mlima mweusi wa mabaki ya kiwanda wanaopigia picha wageni, uko ndani ya mji wenyewe. Novemba 2025 bwawa la maji machafu la kiwanda kimoja lilipasuka, maji yakaingia mitaa ya Annexe, Kasapa na Kamatete zikiwemo. Kwa hiyo unapoonyeshwa nyumba nzuri ya bei ya chini ajabu, panda mahali palipoinuka uangalie kuna bomba gani la moshi au ukuta gani mrefu karibu. Kiangazi vumbi jekundu litaingia kila nyumba ya mji huu, hilo zoea. Lakini vumbi la barabara na vumbi la kiwanda si ndugu. Wewe mwenyewe ukirudi kutoka kambini, nguo za kazi zifuliwe huko huko, zisiingie kwenye chumba cha watoto.

Basi tufike kwenye shule, kwa sababu ndiyo itakayochora duara lako. Mwaka wa shule unaanza mwanzoni mwa Septemba. Tangu 2019 shule za msingi za serikali hazilipiwi, na tangu hapo madarasa yake yamejaa. Wazazi wenye kipato kama chako wengi hupeleka watoto shule za binafsi. Shule za jina kubwa za Kikatoliki, Imara na Tuendelee kwa mfano, ziko mjini, na nafasi zake hazisubiri mtu anayefika Agosti. Tafuta shule kwanza, hata kwa simu kupitia mtu aliye hapa, ndipo utafute nyumba. Watu wengi hufanya kinyume chake, na Oktoba wanalipa taksi ya watoto kila siku hadi inakuwa kodi ya pili. Mtoto wa miaka 9 anaweza kumshika mkono wa miaka 6 na kutembea dakika kumi na tano, kama njia haivuki njanja (reli) wala barabara ya malori. Hilo la malori litazame sana: yale yanayotoka mpakani Kasumbalesa na yale ya shaba hayana subira na watoto.

Kwa hiyo, kartie gani? Kwa pesa yako na watu wako, mimi ningeanza Bel-Air. Ni komini ya Kampemba, watu wa kati, walimu, wafanyakazi wa ofisi, nyumba za familia zilizopangwa kwa mistari, soko si mbali, taksi zinapita. Ndani ya Bel-Air yenyewe usikubali kila mtaa: ile iliyo karibu na eneo la viwanda iache. Bongonga, kartie ya jirani, nayo iangalie, kodi huwa nafuu kidogo.

Ya pili ningeweka Makomeno, kwa sababu ya ukaribu na mji na miti yake. Nyumba ni za zamani zenye viwanja vikubwa, na siku hizi wengi wamejenga nyumba ndogo nyuma ya kubwa. Ndiyo ile hali ya bayeri wa uani niliyokuambia. Nyumba hizi zina mabomba ya zamani: fungua kila robine, vuta maji chooni, na kama hakuna maji siku hiyo, rudi siku nyingine. Usilipe nyumba ambayo hujaona robine yake ikitoa maji kwa macho yako.

Kamalondo itakushangaza ukiikuta kwenye orodha yangu. Ni komini ndogo, imejengeka tangu zamani, unafika mjini upesi, na majirani wanajuana tangu babu zao. Mama yako hatakosa mtu wa kusalimiana naye. Lakini kuna baa, kuna muziki mpaka usiku wa manane, na uwanja wa TP Mazembe uko humo humo: siku ya mechi huingii wala hutoki, na Mazembe wakishinda hulali. Kama mama yako ni mtu wa usingizi mwepesi, iruke. Kenya kwetu ni kama Kadutu ya kwenu Bukavu, soko na watu na kila kitu kwa bei nzuri. Kwa kijana anayeanza maisha ningemwambia aende. Kwa nyinyi ni kelele tupu. Kalubwe ni pazuri, ni upande wa kutokea Likasi, ukipata nyumba kwenye barabara yenye lami usiikatae, ila bei imeshapanda. Kisanga, Kasungami, Kalebuka na nyingine za pembeni kule Annexe, subiri mpaka umekaa mji mwaka mmoja. Huenda siku moja ukanunua kiwanja huko. Kupanga, bado.

Jambo lingine la Annexe, na hata la mjini: ukiona ukutani wameandika kwa rangi kwamba parseli hii haiuzwi, usidhani ni pambo. Maana yake kuna mtu aliwahi kujaribu kuiuza, na mara nyingi ni ndugu wanaogombania urithi. Unaweza kumlipa kaka, dada akaja na polisi. Omba kuona karatasi za parseli na kitambulisho cha anayepokea pesa, majina yalingane. Kisha nenda ofisi ya kartie ukaulize kama parseli hiyo ina kesi. Mkataba uandikwe na upitie servisi ya Abita (ofisi ya nyumba) ya komini, si kwenye karatasi ya daftari.

Na pesa yenyewe. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti (dhamana) ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Mabayeri wengi wataomba sita, na wengine watakuangalia kana kwamba umewatukana ukitaja sheria. Taja hata hivyo, kwa upole, kwa sababu bayeri anayehitaji mpangaji mwenye mshahara wa kampuni hushuka. Mimi wateja wangu wengi huishia katikati, wanaandikishana nne. Juu ya hiyo kuna ya komisyoneri, ambayo kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja, na vijana wengine wanadai pesa ya kukutembeza tu. Hiyo ya kutembeza mpe ya usafiri, basi. Garanti usimpe komisyoneri hata akiapa kwa jina la mama yake. Mpe bayeri mkononi au kwenye akaunti yake, upewe risiti. Na kabla hujaweka kiti ndani, tembea naye nyumba nzima mkiandika: kioo kimepasuka, soketi haifanyi kazi, mlango wa chumba cha pili haufungi. Picha za simu zinatosha. Usipofanya hivyo, siku ya kuhama garanti yako italipia vioo vilivyovunjwa na mpangaji wa kabla yako.

Ukifungua mdomo watajua umetoka Kivu. Utasema ugali, wao watasema bukari, na bei itapanda kidogo. Mtafute mtu wa hapa aende mbele yako, aulize bei kabla wewe hujaonekana. Mtu wa parokia anafaa kuliko mtu wa kazini. Na parokia usiichukulie kirahisi: kama mama yako ni wa kikundi cha kina mama huko kwenu, awe na barua ya padri wake. Wiki ya kwanza tu atakuwa na wanawake watano wanaojua jina lake. Asipokuwa nao atakupigia simu kila jioni akilia, nawe uko Fungurume karibu kilomita 200, huwezi kitu.

Ushauri wangu wa ratiba: usije na wote. Njoo peke yako Julai mwanzoni, ukae wiki mbili kwa ndugu au kwenye nyumba ya wageni. Wiki ya kwanza tafuta shule. Ya pili tafuta nyumba zinazofikika kwa mguu kutoka shuleni, uzione asubuhi na jioni. Ukikosa, chukua sehemu ndogo ya muda, mkataba wa miezi mitatu, na umwombe mtu akuangalizie mvua za kwanza za Novemba kwenye mitaa miwili unayoipenda. Watoto wakianza shule wakitokea chumba kimoja hakuna kitakachoharibika.

Vyombo usivilete. Usafiri utakula bei yake, na kitanda cha Bukavu unakipata hapa kwa maseremala wa Katuba. Lete mablanketi yote: Juni na Julai hapa usiku ni baridi ambayo watoto wako hawaijui. Mbabula (jiko la makaa) utanunua sokoni siku ya kwanza, mbili, kwa sababu hata kwenye mtaa mzuri SNEL itakata sufuria ikiwa jikoni. Friji, hata kama ni mpya na unaipenda, iuze huko, ununue nyingine hapa pamoja na regulateri (kifaa cha kutuliza umeme). Bila regulateri, umeme wetu ukirudi usiku kwa nguvu utaichoma kabla hujamaliza mzunguko wako wa kwanza kambini.